Kamati Iliyomngoja Kuku

Nzomo alipofariki mwezi wa tano, boma lake lilikuwa na kuku ishirini na watatu. Alipozikwa siku ya tisa, kuku aliyebaki alikuwa mmoja. Wengine hawakuuawa na kideri, ugonjwa wa kuku. Kideri kina huruma kidogo, huacha hata watatu wa mbegu. Hawa waliliwa na wafariji.

Jogoo ndiye aliyetangulia, siku ile ile habari ilipofika, kwa sababu mwenye mahema alikuwa ametoka mbali na hangeweza kufunga kamba akiwa na njaa. Wakafuata watu wa spika, kisha kwaya, kisha vijana wa kuchimba kaburi, kisha kamati yenyewe, ambayo kazi yake ilikuwa kupanga chakula cha waombolezaji na haikutaka kupanga jambo ambalo haijalionja. Jeneza liliposhuka, uwanja ulikuwa na manyoya mengi kuliko nyasi.

Aliyebaki alipona kwa sababu alitaga mahali ambapo mfariji hathubutu kuinama: chini ya kitanda cha marehemu.

Alikuwa kuku wa kienyeji, mwenye madoadoa na shingo isiyo na manyoya, hana sura ya kumpendeza mtu. Nzomo alipougua mguu, kitanda chake kilisogezwa chumba cha mbele karibu na mlango ili apate upepo, na kuku huyo akaona nyumba imefunguliwa kwa ajili yake. Kila siku saa nne hivi aliingia bila hodi, akapita chini ya kitanda hadi kwenye beseni kuukuu la bati, akataga, akatangaza. Nzomo alikuwa akisema, "Mpangaji amelipa kodi." Mkewe Kanyiva alichemsha yai, akaligawa mara mbili, nusu kwa mgonjwa, nusu kwake. Hivyo kwa miezi saba. Hata asubuhi ile ya mwisho mpangaji alilipa, ila hapakuwa na wa kupokea.

Sasa, katika nchi ya watu wenye adabu, kamati ya mazishi huvunjwa. Mtu akishazikwa, mwenyekiti husema neno, pasta huomba, kila mmoja huchukua kiti chake kwenda kwake. Kamati ya Nzomo ilikataa kufa. Mwenyekiti wake alikuwa Kimeu.

Kimeu alihesabiwa kuwa binamu wa Nzomo, na yafaa kueleza alivyohesabiwa. Zamani, baba mdogo wa Nzomo alikufa bila mtoto, akamwacha mjane aitwaye Syokau. Syokau alifanya kama wanawake wengi wa Ukambani walivyofanya walipokosa uzazi: alitoa mbuzi, akaoa msichana. Desturi hiyo huitwa iweto. Msichana akaja bomani, akazaa, na mtoto akawa wa Syokau na wa marehemu mumewe, akapewa jina la ukoo na shamba la ukoo. Hakuna aliyeuliza baba yake alikuwa nani, maana swali hilo lilishajibiwa na mbuzi. Mtoto huyo ndiye Kimeu. Katika kila kikao cha ukoo, mpaka wa shamba ukitajwa tu, Kimeu alisimama akavuta koti na kusema, "Mtoto ni wa boma lililomlea." Alikuwa amelisema kwa miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumpinga, maana ni kweli.

Basi Kimeu, mzee wa ukoo na mzee wa kanisa, alikuwa pia msimamizi wa kikundi cha simu kilichoitwa "Mazishi ya Mzee Nzomo." Watu sitini na mmoja. Mzee Nzomo alikuwa chini ya udongo wiki ya sita, na kikundi chake bado kilikuwa kinaamka mapema: picha za maua za kusema habari za asubuhi, mahubiri ya dakika arobaini, mtu anayeuza tangi la maji. Na kila Ijumaa, Kimeu: "Wapendwa, kesho saa saba tutakuwa kwa mama mjane kumfariji." Saa saba. Hawakuja saa nne, wala saa kumi. Walikuja saa ambayo hata mwenye huzuni kubwa namna gani lazima atakuwa na sufuria motoni.

Walikuja wanne, watano, na Pasta Mutiso. Waliimba ubeti mmoja, wakaomba, wakakaa, wakaelekeza viti upande wa jikoni. Kanyiva alikuwa hajapata nafasi ya kulia tangu mwezi wa tano. Mazishini alikuwa akigawa sahani. Baada ya mazishi alikuwa akigawa sahani. Kila chozi lilipokaribia, mtu aliomba chumvi.

Wiki ya saba aliuliza, kwa upole, kamati itavunjwa lini.

"Shemeji, hata sisi tumechoka," Kimeu akasema, akiguguna hindi. "Lakini kamati haivunjwi kavukavu. Mwenyekiti hula kuku wa boma, ndipo anasema amina ya mwisho."

"Nitanunua kuku sokoni Jumatano."

"Wa kununua hahesabiki. Lazima awe wa boma." Akatazama chumba cha mbele, ambako mpangaji alikuwa anatoka akijitangaza. "Na mnaye mmoja. Mungu hakuwaacha."

Kanyiva alikuwa na miaka hamsini na minane, yote ameimaliza Ukambani, na desturi hiyo alikuwa hajaisikia hadi siku aliyobaki na kuku mmoja. Lakini kumwambia Kimeu hapana ni jambo jingine. Ukiinyima kamati leo, kesho ukifiwa utachimba mwenyewe. Kila mtu alilijua hilo, na Kimeu alilijua kuliko wote. Kwa hiyo mbele yake palikuwa na njia mbili: amchinje kuku wa Nzomo, au awapikie hawa watu kila Jumamosi mpaka azikwe yeye, na wao wenyewe wapange chakula.

Kuku ndiye aliyemwonyesha njia ya tatu. Jumatatu aliingia chini ya kitanda na hakutoka. Kanyiva alipoingiza mkono, kuku alijitanua kama mwavuli, akamdonoa. Alikuwa anataka kulalia mayai.

Kuku anayelalia hachinjwi. Hiyo si desturi ya Kimeu, ni ya kila mtu. Hata mgeni akiwa mkwe, ataambiwa kuku yuko kwenye mayai, na atakula maharagwe bila kinyongo. Ila mayai ya huyu yalikuwa maji matupu: jogoo alikuwa ameliwa na mwenye mahema. Kanyiva alifunga leso, akateremka hadi kituo cha Salama.

Pale Salama, kando ya barabara kuu, mama mmoja aitwaye Waithera alikuwa na hoteli ya chapati na chai. Alitoka Murang'a miaka mingi nyuma, akapita, gari likaharibika, akabaki. Nyuma ya hoteli vijana huosha malori, na maji yale ya sabuni na vumbi la Mombasa yametengeneza kidimbwi. Katika kidimbwi hicho Waithera alifuga bata, wale wakubwa wenye uso mwekundu kama walevi.

"Mama Ndunge, pole," Waithera akasema. Ndunge ni binti wa Kanyiva, anafanya kazi Mombasa. "Kaa. Bado wanakuja?"

"Jumamosi walikuwa sita."

"Sita? Mtu alikufa mmoja."

"Una kuku mwenye mayai ya jogoo?"

"Kuku wangu niliuza. Niko na mayai ya bata tu. Lakini hayo ni taabu, mama. Ya kuku ni siku ishirini na moja. Hawa wangu ni thelathini na tano."

"Umesema ngapi?"

"Thelathini na tano. Na wakitoka watamfuata mama miezi mitatu karibu."

Kanyiva alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akaongeza wa pili. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa saba. Siku thelathini na tano, na miezi mitatu juu. Angefika mvua za mwezi wa kumi na moja, watu wakiwa shambani na njaa ya Jumamosi imepata mahali pengine.

"Nipe hayo," akasema.

Alipewa tisa, akayabeba ndani ya kiondo, katikati ya maharagwe makavu. Nyumbani alitia mchanga na majivu katika beseni, akaweka alama ya mkaa kila yai upande mmoja, akayasukuma chini ya kuku. Kuku aliyapokea. Yalikuwa makubwa na mazito, hakuweza kuyageuza vizuri kwa mdomo wake, kwa hiyo Kanyiva alipiga magoti asubuhi na jioni akayageuza mwenyewe, alama juu, alama chini. Na kwa kuwa bata hulowana na kuku halowani, baada ya wiki mbili alianza kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu kwa vidole. Ndivyo Waithera alivyomfundisha. Hivyo mara mbili kwa siku mjane wa Nzomo alionekana amepiga magoti kando ya kitanda cha mumewe, na Pasta Mutiso, aliyempata hivyo Jumamosi moja, aliondoka kwa kunyata na kwenda kuhubiri juu ya maombi ya wajane.

Kimeu aliambiwa kuku yuko kwenye mayai. Akanuna, akala maharagwe, akatoa simu, akaweka kengele ya siku ishirini na moja. Kesho yake kikundi kikasoma: "Wapendwa, tukumbuke mayai katika maombi."

Siku ya ishirini na moja simu yake ililia katikati ya wimbo.

"Shemeji, zimetimia."

"Bado," Kanyiva akasema.

"Bado vipi? Kuku ni ishirini na moja. Hata shuleni tulifundishwa."

"Huyu bado."

Wiki iliyofuata, bado. Kikundi kiliomba kwa bidii zaidi. Mtu mmoja kutoka Ikutha, ambaye hakuna aliyejua aliingizwa na nani, aliandika kwamba mayai yamefungwa na adui. Wiki ya tano ya mayai Kimeu hakuvumilia. Aliinama chini ya kitanda akatoa yai, akaliweka sikioni kama mtu anayesikiliza habari kwa redio. Kuku alimfuata mkono hadi kwenye kiwiko. Alirudi kukaa kwenye kiti akinyonya kidole, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano Kanyiva alilazimika kuingia jikoni ili asionekane akicheka.

Walianguliwa Alhamisi, saba kati ya tisa. Jumamosi kamati ilipofika, kuku alikuwa uwanjani akiita watoto wake waje waone jinsi ya kuchakura. Watoto hawakuja. Walikuwa wa manjano, midomo imebapa kama vijiko, na wote saba walikuwa ndani ya beseni la kunawia mikono, pale Pasta Mutiso alipokuwa ameandaliwa maji. Kuku alizunguka beseni mara kumi akipiga kelele. Alikuwa akiona watoto wake wanazama, na watoto walikuwa wanaoga. Kanyiva aliwatoa mmoja mmoja akawakausha kwa leso. Bata aliyelelewa na kuku hapati mafuta ya manyoya ya mama, na akilowa mapema hufa kwa baridi.

Kimeu alicheka hadi akakohoa.

"Hawa ni bata! Shemeji, kumbe kuku wako alitoka nje!" Akageukia wenzake. "Muulizeni, baba ya hawa ni nani?"

Watu walianza kucheka, kisha kicheko kikapotea njiani. Mzee mmoja alitazama kofia yake. Pasta akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Kimeu peke yake ndiye hakuona. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Na mjue," akaongeza, "mimi bata sili. Ndege wa kula matope. Mimi nangoja mama yao."

Kanyiva alimfuta bata wa mwisho kwa leso. Alikuwa mtu wa kuweka maneno akiba, kama wengine wanavyoweka mbegu.

Bata wadogo walikula ugali uliolowekwa, majani ya kunde yaliyokatwakatwa, na kumbikumbi mvua ilipoanza. Kuku hakuwaelewa hata siku moja. Aliwachakurulia mdudu, nao wakamwacha mdudu wakaenda kutafuta matope. Lakini mwewe aliposhuka mwezi wa tisa, kuku hakuuliza midomo yao imebapa kwa nini. Alimrukia mwewe hewani. Mwewe aliondoka na mtoto mmoja, na kuku akabaki na jeraha mgongoni lililochukua wiki tatu kupona. Wale sita waliobaki walikua kama wamewekewa hamira. Kufikia mwezi wa kumi na moja walikuwa wamempita mama yao kwa ukubwa, na jioni bado walijisukuma chini yake walale, hivyo kuku alilala juu ya bata kama abiria juu ya magunia.

Huo ndio wakati Kimeu alikuja akatazama, akapima kwa jicho.

"Wamekua. Mama amemaliza kazi. Jumamosi tunavunja kamati, shemeji. Wengine wako shambani wanapanda, tutakuja na pasta tu. Mtayarishe vizuri."

Jumamosi asubuhi Waithera alipanda kutoka Salama na kisu chake. Walimchagua dume mkubwa kuliko wote. Kumnyonyoa bata si kazi ya mtu mwenye haraka: manyoya yana mafuta, maji ya moto yanateleza juu yake. Walimwagia mara tatu, wakang'oa hadi vidole vikafa ganzi.

"Kimeu hawezi kula," Waithera akasema. "Alisema mbele ya watu."

"Alisema mambo mengi mbele ya watu," Kanyiva akasema.

Alimpika taratibu, vitunguu, nyanya, mafuta yake mwenyewe yakitosha. Saa saba wageni walikuwa mezani. Pasta Mutiso aliomba kwa haraka, akachukua paja. Kimeu aliinamia sufuria, akavuta harufu, akatabasamu, kisha akatazama nje kupitia mlango ulio wazi. Kuku mwenye shingo tupu alikuwa anapita uwanjani na bata watano nyuma yake.

"Shemeji," akasema. "Kuku namwona pale. Anatembea."

"Anatembea," Kanyiva akakubali.

"Basi hapa ndani ni nani?"

"Mtoto wake."

Pasta aliacha kutafuna, akafikiri, akaendelea.

"Nilisema kuku wa boma," Kimeu akasema. Hakupaza sauti, hata yeye alijua mahali pa kutopaza. "Huyu ni wa watu wa Salama. Yai lilitoka huko kwa maji ya malori. Huyu si wa hapa."

Kanyiva alikuwa amesimama na jagi la maji. Aliliweka mezani.

"Yai lilitoka huko, ni kweli. Sikatai. Lakini lililaliwa chini ya kitanda cha Nzomo. Mwewe alipokuja, ni kuku wa Nzomo aliyeumia mgongo. Mimi tangu niolewe hapa nasikia kwamba mtoto ni wa boma lililomlea. Ni wewe uliyenifundisha, shemeji. Kama imebadilika, niambie, na mimi niwaambie wengine."

Waithera, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akatazama mvua ilikokuwa inatokea.

Kimeu alishika ukingo wa sahani. Tangu mwezi wa tano Kanyiva alikuwa ameuona uso huo kila Jumamosi, na kila mara ulikuwa na njaa. Sasa haukuwa na njaa. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeletwa mbele ya watu wakubwa, anayengoja kuambiwa kama atabaki. Kanyiva alimhurumia. Nusura ayarudishe maneno. Akayaacha palepale, karibu na jagi.

"Mzee Kimeu," Pasta Mutiso akasema, "mchuzi unapoa."

Kimeu alichukua kipande. Akala kimya, kisha akachukua cha pili, na cha pili hakukila kimya sana. Kwenye cha nne akapata nguvu za kuuliza.

"Firigisi iko wapi?"

Firigisi ni ya mwenye boma, na mwenye boma asipokuwepo, ya mwenyekiti. Kila mwanamke aliyepikia wanaume anajua hivyo.

"Nimeila," Kanyiva akasema. "Nikiwa jikoni."

Ilikuwa ya kwanza maishani mwake, na kusema kweli ilikuwa ngumu kidogo.

Kimeu alivunja kamati kwa maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa. Kwenye kikundi aliandika kwamba mwenyekiti amekula kuku wa boma na kazi imekamilika, Mungu apewe sifa. Siku ya nne kikundi kikabadilishwa jina. Mzee mmoja wa upande wa pili wa barabara alikuwa amefariki, akiacha mjane, watoto wanne na mbuzi. Kanyiva aliomba kimya kwa ajili ya mbuzi, akatafuta mahali pa kubonyeza, akatoka kikundini.

Jumamosi iliyofuata alipika sufuria ndogo. Saa nne kuku aliingia bila hodi, akapita chini ya kitanda. Bata watano walijaribu kumfuata, wakakwama kwa vifua, wakabaki nje ya kitanda wakilalamika. Baada ya muda mpangaji alitangaza. Lilikuwa yai la kwanza tangu mwezi wa saba.

Kanyiva alilichemsha, akalikata mara mbili. Alikula nusu yake ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Nusu ya pili aliiweka kwenye sahani, upande wa mto. Saa saba ilifika ikapita, njia ilikuwa tupu hadi chini. Ndipo machozi yalipokuja, mengi, bila haraka, na hakuna mtu aliyeomba chumvi.